Mateka watatu, na kwanini mmoja tu ndo anatuchosha

Kama hujamaliza The Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya 14 za fantasia ulioanzishwa na Robert Jordan, na una mpango wa kuisoma, ishia hapa, maana humu namwaga kila kitu bila huruma.

Kila baada ya muda lile zogo linaibuka upya. Mtu anasema ndo kafika kitabu cha 8, anauliza eti ni kweli kwamba kuanzia hapo stori inajikokota mpaka cha 10, na kabla hata hajajibiwa watu wameshagawana pande. Kundi moja linamwambia ruka, soma muhtasari, nenda moja kwa moja cha 11. Kundi la pili linawaka, linasema hakuna kujikokota kokote, hayo ni manung'uniko ya watu wa zamani waliokuwa wanasubiri miaka miwili mitatu ndo kitabu kitoke, we unavyo vyote 14 unalalamikia nini. Afu anatokea wa kusema tatizo ni Perrin, mmoja wa vijana wakuu wa stori, mwingine anasema hapana tatizo ni Elayne, yule binti anayetafuta kiti cha enzi, wa tatu anaingiza habari za magauni na mhusika mwingine, Nynaeve, kuvuta nywele zake kila akikasirika, na hapo ujue usiku umeshaisha.

Mi naona pande zote mbili zinabishania kitu ambacho sicho. Zinabishania kasi. Eti stori inaenda pole, hapana inaenda vizuri tu. Lakini kasi haijawahi kuwa tatizo la riwaya ndefu, mbona kuna mechi inaisha sare tasa na watu wanatoka uwanjani wamelowa jasho. Kinachoua kisa cha pembeni ni pale unaposoma chapta nzima afu yule mhusika anatoka humo akiwa yuleyule, na swali lake lipo palepale, hata nusu hatua halijasogea. Na mfululizo huu umetupa njia nzuri sana ya kulipima hilo, sijui kama mwandishi alikusudia, kwa sababu katikati ya vitabu hivyo vinavyolaumiwa kuna visa vitatu ambavyo ukivitazama kwa mbali ni kitu kilekile: mwanamke katekwa, hawezi kuondoka, tunasubiri. Faile, Tuon na Egwene. Wawili watu wanawapenda mpaka leo. Wa tatu ndo huyo anayetukanwa.

Tuanze na Faile kwanza tumalizane naye.

Faile, mke wa Perrin, anatekwa na Shaido, ukoo mmoja wa Waeli, wapiganaji wa jangwani, mwishoni mwa kitabu cha 8, kilichotoka 1998. Anaokolewa kwenye kitabu cha 11, kilichotoka 2005. Yaani mtu aliyeanza sekondari Faile anachukuliwa, kamaliza shule na anazunguka kutafuta kazi bado yule dada anavaa joho jeupe la mateka anamtumikia Sevanna, kiongozi wao. Hapa kundi la pili wana hoja na lazima tuwape haki yao. Wasomaji walikuwa wamedekezwa, vitabu viwili vya kwanza vilitoka mwaka mmoja, 1990, afu kikawa kinakuja kimoja kila mwaka mpaka 1994, sita hivyo vimeingia bila mtu kupumua. Baada ya hapo ndo ikawa 1996, 1998, 2000, 2003, 2005. Sasa we mwandishi unaanza kupunguza kasi ya kutoa na wakati huohuo unapunguza kasi ya stori yenyewe, watu watakosaje kuchanganyikiwa? Kitabu cha 9 kinaanza na Perrin anagundua mkewe hayupo, kinakaa naye kidogo, afu kinamwacha hapohapo kwenye theluji na hatumwoni tena mpaka kitabu kinachofuata, miaka miwili na ushee baadaye.

Ila hoja hiyo inaishia hapo. Maana mimi nimekutana na watu waliosoma vyote mfululizo bila kusubiri hata wiki, na bado wakifika kwa Perrin wanaanza kuhesabu kurasa. Kama shida ingekuwa kusubiri tu hawa wangepita bila kugundua kitu.

Angalia zile chapta zenyewe. Perrin anaamka, anamuwaza Faile. Anagombana na watu wake kuhusu Berelain, mwanamke anayemtaka, anamuwaza Faile. Wanaishiwa chakula, wanaenda mji mmoja unaitwa So Habor kununua nafaka, wanakuta nafaka imejaa fukusi, inabidi ipepetwe nje kwenye baridi, na watu wa mji ni wachafu kupindukia, macho yamewatoka, baadaye unakuja kujua wafu wanatembea mle ndani. Ukiniuliza mimi So Habor ni kati ya sehemu za kutisha zaidi kwenye mfululizo mzima, ile hali ya mji uliokata tamaa mpaka watu hawaogi imeandikwa vizuri mno. Lakini Perrin anaingia So Habor anataka kumwokoa mkewe, anatoka So Habor na magunia anataka kumwokoa mkewe. Mji haukumfanya kitu. Ukiing'oa ile chapta ukaandika sentensi moja kwamba walinunua nafaka, yeye hatabadilika, na msomaji anahisi hilo hata kama hajui aliseme vipi, ndo maana anaishia kusema tu pabovu, panaboa.

Afu kitabu hichohicho, mbele kidogo, kuna ile ya shoka. Wamekamata Shaido kadhaa, wanawahoji, hawasemi kitu, wale watu maumivu kwao si lolote. Perrin anamfuata mmoja anamkata mkono kwa shoka lake. Basi. Anawaambia nini kitafuata wasiposema, anaondoka, na akishatoka pale anaenda kulipiga lile shoka kwenye mti, linazama, analiacha hapo anaenda zake. Ni kurasa chache sana lakini tangu kitabu cha kwanza huyu kijana amekuwa akibishana na nafsi yake kuhusu lile shoka, anaogopa siku atakayoanza kulipenda, na hapa tunaona alichokuwa anakiogopa kinatokea mbele ya macho yake mwenyewe. Hapo hawezi kurudi nyuma tena. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ile sehemu inaenda pole. Na mwendo wa sentensi ni uleule, mwandishi ni yuleyule, theluji ni ileile.

Kwa hiyo mtu akiniambia kisa cha Faile ni kibovu mi namwambia hapana, kisa chenyewe kizima, kimenyooshwa tu mpaka kikakonda. Hata mwisho wake ni mkali: kule Malden wanaweka dawa kwenye maji ya mji ili wale wenye uwezo wa nguvu za ajabu walewe wasiweze kupigana, Perrin anashirikiana na Seanchan, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari, ambao kimsingi ni maadui, na kwenye ile vurugu anamuua Rolan kwa nyundo. Rolan! Yule mtu alikuwa anamlinda Faile muda wote ule na muda si mrefu alitoka kumsaidia kufukuliwa kwenye jengo lililoporomoka. Perrin hajui, anaona Mwaeli tu yupo karibu na mkewe. Faile anajua, ananyamaza. Kuna ndoa nzima imejaa kwenye ule ukimya. Sasa imagine hiyo imekuja baada ya vitabu viwili badala ya vinne, watu wangekuwa wanaitaja na machozi.

Haya, Tuon.

Huyu ni binti wa kifalme wa Seanchan, na Mat, kijana wa kijiji kimoja na Perrin, anambeba mwishoni mwa kitabu cha 9, na baada ya hapo wanasafiri na sarakasi. Sarakasi kabisa, na mikokoteni na simba na wanasarakasi wanaogombana, na Luca mwenye sarakasi anasimama kila kijiji kutafuta hela. Kama kweli tatizo lingekuwa kasi, hiki ndo kingekuwa kisa kinachochukiwa kuliko vyote duniani, maana hawa watu wanatembea polepole kuliko mtu yeyote kwenye kile kitabu cha 10. Lakini uliza mashabiki, watakwambia ndo sehemu iliyowavusha. Kwanini? Kwa sababu kila Mat akiingia kwenye ule mkokoteni wakacheza lile bao la mawe, kuna kitu kinahama. Anamletea zawadi, anagundua zawadi haijafanya kazi. Tuon anamwita kwa jina la kitu cha kuchezea, Mat anakasirika, kesho yake anagundua amezoea. Na sisi tunajua Mat alishatamka mara tatu kwamba yule ni mke wake, na kwa mila za kina Tuon hiyo ni nusu ya ndoa, imebaki Tuon kumalizia nusu yake, kwa hiyo kila wakikaa tunamwangalia yule binti mdogo mkavu tukijiuliza anawaza nini. Ukifika katikati hujui tena nani kamteka nani.

Na Egwene ndo anamaliza ubishi.

Huyu ni kiongozi wa waasi wanaompinga Elaida, mkuu wa Mnara Mweupe, makao ya wanawake wenye zile nguvu, na watu wa Mnara wanamkamata mwishoni kabisa mwa kitabu cha 10, pale bandarini Tar Valon. Baada ya hapo anakaa sehemu moja. Hasafiri, hapigani, anafua na kusafisha sakafu na kufundishwa kama mwanafunzi mpya, na kila siku anapelekwa kuchapwa, wakati mwingine zaidi ya mara moja kwa siku. Ukimwelezea mtu hivyo atakwambia hicho kitabu sikisomi. Lakini ni kati ya visa vinavyopendwa kuliko vyote kwenye vitabu 14, kinavuka kitabu cha 11, kinaingia cha 12 ambacho kimeandikwa na mtu mwingine kabisa, na hakuna anayesema kinaburuta. Kila chapta kuna mtu mmoja ndani ya ule Mnara ambaye asubuhi alikuwa anamdharau na jioni anakuja kumuuliza ushauri kwa siri. Egwene mwenyewe anabadilika, ule uchapwaji unafika mahali haumgusi tena, na Elaida aliye huru mwenye kiti na fimbo anazidi kuonekana ndo mfungwa. Mpaka Seanchan wanavamia, Siuan na Gawyn na Bryne, watu wa upande wake, wanaingia usiku wanamtoa akiwa hoi hajitambui, na akiamka anawawakia! Aliwaambia wasije. Ndo uone jinsi gani kisa kimegeuka, mateka anakasirika kuokolewa.

Wekeni hawa watatu pamoja afu mniambie tatizo ni kasi.

Kuna kitu kingine kinachangia na hiki wengi hawakitaji, ni namna kitabu cha 10 kilivyopangwa. Kitabu cha 9 kinaisha na Rand, steringi mkuu wa stori, na Nynaeve wanaisafisha saidin, ile nusu ya kiume ya nguvu iliyokuwa na uchafu unaowatia wanaume wazimu kwa zaidi ya miaka 3,000. Ni tukio kubwa kuliko karibu kila kitu kilichotangulia. Unafunga kitabu unataka kujua sasa dunia inakuwaje, wale wanaume wanajisikiaje, nani anaamini nani haamini. Unafungua cha 10, kinakurudisha nyuma kukuonyesha wengine walikuwa wapi siku hiyohiyo. Huyu anahisi nguvu ya ajabu huko mbali, anashangaa, anaendelea na mambo yake. Unahamia kwa mwingine, naye anahisi, anashangaa. Mwingine tena. Sisi tunajua ni nini, wao hawajui, na kutojua kwao hakutupi chochote. Rand mwenyewe anaonekana kurasa chache tu. Hapo nawaelewa kabisa waliokisubiri tangu 2000 wakakipata 2003 wakataka kukitupa ukutani.

Lakini pia tusijifanye hatujui hali hii inatoka wapi. Mfululizo una wahusika zaidi ya 2,000 wenye majina na maneno zaidi ya milioni 4. Mwanzoni ni vijana wa kijiji kimoja wanakimbia pamoja, kundi moja, njia moja. Wakishatawanyika, kila mmoja anapata jeshi lake, washauri wake, maadui wake, mtu wa kumletea chai, na kila mmoja wa hao anadai mwisho wake. Unaweza kumwacha mmoja nje kitabu kizima, Perrin hayupo kabisa kwenye kitabu cha 5 na hamna anayelalamika kwa sababu waliobaki wanakimbia. Mat naye hayupo kitabu cha 8, ukuta ulimwangukia mwishoni mwa cha 7 tukaachwa hivyohivyo, na hapo watu walilalamika sana, maana waliobaki ndo hao waliokuwa wanatembeatembea.

Sasa kuhusu huu ushauri wa kuruka chapta. Mimi siwezi kumkataza mtu, kitabu ni chake na muda ni wake. Ila anayeruka Perrin wote wa kitabu cha 10 anaruka na shoka, na akifika kitabu cha 13 Perrin anapotengeneza ile nyundo yake mpya usiku kambini, watu wamemzunguka wanamwangalia, ataona ni mtu anafua chuma tu. Kama lazima uruke ruka So Habor, japo roho inaniuma kusema.

Watu wa upande mwingine, wale wa Westeros, yaani A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin, msicheke sana, hata kwenu yapo. Kitabu cha 4 kimetoka 2005 bila Daenerys, bila Tyrion, wahusika wakuu hao, na Jon, mkuu mwingine, anachungulia tu, kwa sababu stori ilikatwa nusu kwa nusu kufuata maeneo, na mwandishi akaweka maelezo mwishoni kwamba anatumaini nusu ya pili itatoka mwaka unaofuata. Ikatoka 2011. Mle ndani ya kile cha 4 kuna Brienne, mwanamke mpiganaji mwenye kiapo, anazunguka kumtafuta binti anayeitwa Sansa, na kila msomaji anajua Sansa yupo Vale, sehemu nyingine kabisa, kwa hiyo unamwangalia mtu anapotea kurasa kwa kurasa. Nimeona watu wanamweka Brienne kwenye kapu moja na Perrin. Mi nakataa. Brienne hafiki anapoenda lakini ile njia inamla kidogokidogo, anaona vijiji vilivyochomwa na maskini waliobebwa vitani wasijue wanapigania nini, inauawa imani yake kuhusu viapo, mpaka anaishia na kitanzi shingoni anaambiwa chagua upanga au kamba. Yule aliyeanza safari asingebanwa hivyo na lile swali. Quentyn je? Quentyn sijui nimteteeje, kijana kasafiri nusu ya dunia kumposa Daenerys, akakataliwa, akaungua na joka, wapo wanaosema hiyo ndo maana yake, kuonyesha kwamba si kila anayeanza safari ni shujaa. Sawa. Ningeielewa kwa chapta chache zaidi ya hapo.

Mashabiki wengine wakachukua vitabu vile viwili wakavichanganya, chapta ya hiki chapta ya kile, wakatengeneza mpangilio wao wa kusoma, na wengi wanasema inasaidia kweli. Inasaidia kwa sababu ukikaa na Brienne chapta moja afu ukaenda kwa Tyrion humchoki. Kwa hiyo hata kipimo changu hakimalizi kila kitu, mpangilio nao una kazi yake, kisa kizuri kikiwekwa mfululizo na ndugu zake watatu wanaofanana nacho kinaonekana kibovu.

Na wanaotaka kila kitu kikimbie wakumbuke ilivyokuwa kwenye TV, kwenye Game of Thrones iliyotokana na vitabu hivyo. Season za mwanzo zilikuwa na vipande 10 kila moja, ya saba ikawa na 7, ya nane 6. Safari zilizokuwa zinachukua season nzima zikawa mtu anatoka kusini asubuhi jioni yupo kaskazini kwenye barafu. Walewale waliokuwa wanapiga kelele kwamba vitabu vinaenda kwa magoti ndo wakawa wa kwanza kupiga kelele kwamba Daenerys amegeuka ghafla. Hakugeuka ghafla, mbegu zilikuwepo tangu mapema kabisa, ila zile hatua za katikati, hizo ambazo kwenye kitabu mngeziita za kuboa, zilikuwa zimekatwa.

Namalizia na Elayne kwa sababu najua nitaulizwa. Simtetei. Vitabu vitatu anatafuta kiti cha enzi cha Andor, kuna wapinzani wamezunguka mji, kuna Arymilla ambaye hakuna msomaji hata mmoja anayemuogopa, na Vita ya Mwisho ipo mlangoni inabisha hodi huku sisi tunahesabu nyumba ngapi za kifahari zimemuunga mkono. Kibaya zaidi Min, binti anayeona mambo yajayo, ameshaona kwamba watoto walio tumboni watazaliwa salama, na Elayne mwenyewe anaijua hiyo habari, kwa hiyo anajirusha kwenye kila hatari akiamini hawezi kufa kabla hajajifungua. Steringi hafi, sawa, tumezoea, lakini steringi mwenyewe akishaambiwa kwamba hafi mi nasubiri nini hapo? Egwene anachapwa nafunua kurasa kwa kasi, Elayne anavamiwa na maadui naangalia chapta imebakiza kurasa ngapi. Anayeweza kunionyesha sehemu moja tu kwenye kile kisa cha kiti ambapo Elayne anatoka akiwa mtu mwingine, siyo cheo kingine, mtu mwingine, alete, na kitabu na chapta kabisa.